Historia ya kanisa la kijijini na mapadri wake, Masasi hadi Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwaka 2026 unatimiza miaka 150 tangu msafara wa Askofu Edward Steere ufike Masasi. Mitaa mingi ya kusini inaandaa vijitabu vya historia na kuandika upya mbao za majina ya mapadri. Maswali yafuatayo hujirudia karibu kila kamati inapokaa. Neno "mtaa" hapa lina maana ya Waanglikana: kanisa lenye padri wake, pamoja na makanisa madogo yanayolitegemea. Kwa Wakatoliki soma "parokia" na "vigango".

Mzee mmoja anasema kanisa letu lilianza 1910, mwingine 1926, na jiwe la ukutani limeandikwa 1934. Nani yuko sahihi?

Huenda wote. Kanisa la kijijini lina tarehe nne, na ugomvi mwingi kwenye kamati hutokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni siku mwalimu wa dini alipoanza kufundisha, mara nyingi chini ya mwembe au barazani kwa mwenye kijiji. Ya pili ni kanisa la kwanza la miti na nyasi. Ya tatu ni kuwekwa wakfu kwa jengo la mawe au matofali ya kuchoma, na hiyo ndiyo huandikwa kwenye jiwe. Ya nne ni siku kijiji kilipopewa padri wake na daftari lake la ubatizo.

Andikeni zote nne, kila moja na ushahidi wake. Msichague iliyo kongwe kuliko zote kwa sababu tu mtaa wa jirani unajivunia ukongwe wake.

Ili kupata tarehe ya nne, fungueni ukurasa wa kwanza wa daftari la ubatizo. Likianza na namba 1, mmefika. Likianza na namba 214, lipo daftari lililotangulia. Mara nyingi liko kwenye mtaa mama, ule uliokizaa kijiji chenu, au limechanganywa na madaftari ya shule ya zamani.

Ni kweli kwamba msafara wa Steere haukukusudia kukaa Masasi?

Kweli. Safari ilipangwa kwenda Ziwa Nyasa. Wengi waliosafiri walikuwa watu waliookolewa utumwani na kulelewa Unguja na UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, na shabaha ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao. Walitokea Lindi mwaka 1876, wakapanda bara, na walipofika chini ya miamba ya Masasi wakakuta ardhi nzuri na maji. Wasafiri wenyewe walitaka kutua hapo, na Steere akakubali. Yeye akarudi Unguja, William Percival Johnson akabaki nao, na Chauncy Maples akafika mwaka 1877.

Kwa hiyo kanisa la kwanza la bara upande huu liliwekwa mahali palipochaguliwa na waliokuwa watumwa. Jambo hilo linastahili kuwa aya ya kwanza ya kijitabu chochote kuhusu Masasi, na vijitabu vingi huliruka ili viende haraka kwa askofu.

Septemba 1882 Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara, walishambulia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa na wengine walichukuliwa mateka. Baada ya hapo Maples alihamishia kazi Newala, kwa Mwenye Matola. Ndiyo maana Newala ina mizizi mirefu kiasi hicho, na ndiyo maana ukoo mmoja unaweza kuwa na ubatizo wa Masasi na mazishi ya Newala ndani ya miaka michache. Maples mwenyewe alikwenda Likoma, kisiwa cha Ziwa Nyasa, mwaka 1886. Alifanywa askofu mwaka 1895, na mwaka huohuo akazama ziwani.

Padri wa kwanza Mwafrika huku alikuwa nani?

Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na misheni Unguja, akasoma Kiungani, chuo cha misheni hukohuko Unguja, kisha Canterbury, Uingereza. Alipewa ushemasi mwaka 1886 na kupelekwa Chitangali, akafanywa kasisi, yaani padri kamili, mwaka 1890. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Alifanya kazi huku hadi 1897, aliporudi Unguja.

Wengine humtaja John Swedi. Swedi alikuwa shemasi wa kwanza, mwaka 1879. Wote wawili ni wa kwanza, kila mmoja katika daraja lake, kwa hiyo ubao ukisema "padri wa kwanza Mwafrika: John Swedi" una kosa la kusahihishwa.

Tunataka kuandika upya ubao wa majina ya mapadri. Tuanzie wapi?

Msianze na kumbukumbu za watu. Anzeni na saini.

Kila ubatizo ulioandikwa una safu ya mwisho ya jina la aliyebatiza. Chukueni karatasi yenye safu tano: jina, daraja lake (shemasi au kasisi), tarehe ya saini ya kwanza, tarehe ya saini ya mwisho, na ushahidi. Pitieni daftari ukurasa kwa ukurasa, na jina jipya likitokea lipeni mstari wake. Mkimaliza ubatizo, fanyeni hivyohivyo kwa ndoa, mazishi na daftari la ibada. Watu wawili wakikaa pamoja, mmoja akisoma na mwingine akiandika, makosa hupungua sana kuliko mmoja akifanya peke yake.

Kisha changanueni. Saini inayotokea mfululizo kwa miezi mitatu au zaidi ni ya padri aliyekaa mtaani. Inayotokea siku moja tu, hasa Pasaka au Krismasi, mara nyingi ni ya mgeni. Inayotokea kila baada ya wiki sita au nane ni ya padri wa mtaa mwingine aliyekuwa akizungukia vijiji. Huyo aandikwe, lakini chini ya kichwa "waliohudumu kutoka mtaa wa …", asitiwe kwenye orodha ya waliokaa.

Safu ya ushahidi msiiache wazi. Ipeni herufi. A ni maandishi ya wakati uleule, kama saini au barua ya askofu. B ni maandishi ya baadaye, kama kijitabu cha jubilei iliyopita. C ni kumbukumbu ya watu wawili waliohojiwa mbalimbali bila kusikilizana. D ni kumbukumbu ya mtu mmoja. Kwenye ubao wa ukutani yaende majina ya A na C. Yenye B au D pekee yabaki kwenye kijitabu, na herufi yake ionekane.

Makosa yanayojirudia ni haya. Askofu aliyekuja kutoa kipaimara anageuzwa padri wa mtaa kwa sababu saini yake ni kubwa na inasomeka. Padri aliyeondoka akarudi baada ya miaka kumi anaandikwa mara moja tu, na kipindi cha katikati kinamezwa. Mzungu anapewa miaka yote ya kituo, na mashemasi na makasisi Waafrika waliobeba kazi ya kila siku wanaitwa "wasaidizi". Kosa hili la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu saini zenyewe hulikanusha.

Walimu wa dini waingie kwenye orodha?

Waingie, tena kwa orodha yao wenyewe. Angalieni daftari la ibada. Mkiona Jumapili nyingi zina sala ya asubuhi tu, na Ekaristi ni mara moja kwa mwezi au kwa miezi miwili, maana yake hapakuwa na kasisi aliyekaa hapo. Shemasi anaweza kubatiza na kuhubiri lakini haadhimishi Ekaristi. Mwalimu anaongoza sala, anafundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, anazika. Kwa vijiji vingi vya Masasi, Newala na bonde la Lukuledi, mwalimu ndiye kanisa lenyewe kwa miaka mingi kabla ya padri wa kudumu.

Majina ya walimu hayako kwenye safu ya aliyebatiza. Yatafuteni kwenye safu ya wadhamini: mtu mmoja akidhamini watoto ishirini wa koo mbalimbali, karibu hakika ni mwalimu au mkewe. Mengine yako kwenye madaftari ya mahudhurio ya shule, kwa sababu shule na kanisa vilikuwa kitu kimoja hadi serikali ilipozichukua shule za misheni, baada ya Sheria ya Elimu ya 1969.

Daftari linasema "Jumapili ya 2 baada ya Utatu, 1905". Ni tarehe ngapi hiyo?

Tafuteni Pasaka ya mwaka huo, ambayo huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Jumapili ya Utatu ni siku 56 baada ya Pasaka. Mwaka 1905 Pasaka ilikuwa 23 Aprili, Utatu ikawa 18 Juni, na Jumapili ya 2 baada yake ni 2 Julai. Mkiandika tarehe ya kawaida, acheni na maneno ya awali kwenye mabano, ili atakayekuja aweze kuihakiki hesabu yenu.

Saa nazo zina mtego. "Ibada saa 1" ikiandikwa na Mzungu yaweza kuwa saa saba mchana, na ikiandikwa na mwalimu mwenyeji ni saa moja asubuhi. Mwandiko utawaambia nani alishika kalamu.

Mtu mmoja anaonekana ana majina matatu. Tunajuaje kuwa ni yeye?

Kwa Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera, mtoto hupewa jina akizaliwa, hupata jingine akitoka jando au unyago, kisha Mkristo huongeza la ubatizo. Daftari la ubatizo wa mtu mzima linaweza kuwa na jina la jando, la ndoa likawa na la ubatizo pamoja na la baba, na kaburi likawa na la utani lililozoeleka kijijini. Msiunganishe watu kwa jina moja. Unganisheni kwa vitu vitatu angalau: jina la ubatizo, jina la mama, na kijiji. La mama lina uzito kuliko la baba, kwa sababu makabila haya yanahesabu ukoo kwa mama.

Tahajia isiwasumbue. L na R hubadilishana, na waandishi wageni waliandika walichosikia: Ruvuma na Rovuma, Lukuledi na Rukuledi. Kwenye kijitabu tumieni tahajia ya leo, na ile ya daftari iwekeni mara moja tu pale jina linapotokea kwanza.

Inafaa pia kujua kwamba Kanisa lenyewe liliingia kwenye suala la jando. William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi, ndiye aliyejulikana kwa kusimamia jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Mkikuta orodha ya wavulana iliyoandikwa na padri bila maelezo, pamoja na tarehe za miezi ya kiangazi, ulizeni wazee kama ni orodha ya jando kabla ya kuiita orodha ya kipaimara.

Kwa nini miaka fulani haina chochote kabisa?

Nafasi tupu zina sababu, na sababu yenyewe ni historia.

Mwaka 1905, vita vya Maji Maji. Misheni ya Masasi iliharibiwa na wamisionari wakakimbilia Lindi. Vituo vya Wabenediktini, watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani, vya Lukuledi, kilichoanza 1895, na Nyangao, cha 1896, vilichomwa. Askofu wao Cassian Spiss aliuawa Agosti mwaka huo njiani karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Ndanda ilianzishwa mwaka uliofuata, 1906. Madaftari ya kabla ya hapo yakikosekana kwenye vituo hivi, msimlaumu padri wa sasa.

1914 hadi 1918. Wajerumani waliwafunga wamisionari wa UMCA kwa kuwa walikuwa Waingereza, na mitaa ikabaki mikononi mwa mapadri na walimu Waafrika. Mwaka 1917 vita vyenyewe vikafika: Oktoba palipiganwa Mahiwa, karibu na Nyangao, na Novemba jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma. Watu walichukuliwa kubeba mizigo, chakula kikaporwa. Mkikuta saini yoyote ya miaka hii, hata moja, ipigieni mstari. Yule aliyeshika kalamu wakati ule ndiye aliyelinda kanisa. Waingereza waliposhika nchi ikawa zamu ya Wabenediktini Wajerumani kuondolewa, na vituo vyao vikapata pengo la namna hiyohiyo.

1974, operesheni vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vipya. Pengo hili ni la aina nyingine: padri yupo, waumini wapo, lakini mahali pamebadilika.

Kanisa la zamani liko porini na hakuna mwenye uhakika ni wapi. Tulipateje?

Mahame ya misheni yana alama zake. Tafuteni miembe mikubwa iliyopangwa kwa mstari, kwa maana mwembe wa kujiotea haujipangi. Tafuteni msingi wa mawe wenye upana usio wa nyumba ya kawaida, vipande vya matofali ya kuchoma, na makaburi yanayotazama upande mmoja. Nendeni na mzee aliyeishi hapo kabla ya 1974, tena kiangazi nyasi zikiwa zimeungua, Agosti au Septemba.

Mkifika, msichimbe. Pimeni urefu na upana wa msingi kwa futi kamba, chukueni alama ya mahali kwa simu, chora ramani ya mkono inayoonyesha kisima, njia ya zamani na makaburi. Muoneni mtendaji wa kijiji kabla ya kwenda, na mwenye shamba pia. Mahame mengi sasa ni mashamba ya mikorosho, na mtu akiona kamati ya kanisa inapima ardhi yake bila taarifa atadhani mnakuja kuidai.

Makaburi hayasomeki. Tuyasugue?

Hapana. Brashi ya waya, chokaa, sabuni ya unga na jiki huondoa maandishi yaliyobaki. Tumieni maji na brashi laini ya kupakia rangi. Kisha subirini jua la saa kumi na moja jioni, au shikeni kioo kando ili mwanga ulale juu ya jiwe. Herufi hujitokeza kwa kivuli chake. Pigeni picha tatu kutoka pande tofauti. Misalaba ya mbao huliwa na mchwa, kwa hiyo kaburi lisilo na jina pimeni umbali wake kutoka kona mbili za kanisa, ili lisipotee tena.

Karatasi za padri marehemu ziko kwa nani?

Kamati huenda kwa watoto wake, hukosa, na kukata tamaa. Nendeni kwa wapwa. Kwa desturi ya ukoo wa mama, mtoto wa dada ndiye aliyerithi mambo mengi ya mjomba wake, na sanduku la barua, picha na shajara linaweza kuwa limekwenda Tandahimba au Nachingwea wakati watoto wako Dar es Salaam. Ulizeni hivi: "Nani alishika msiba wa Padri, na nani alirithi jina lake?" Aliyerithi jina ndiye wa kwanza kumfuata.

Baadhi ya mapadri wenyewe waliandika. Padri Kolumba Msigala wa Masasi aliacha kumbukumbu zake. Msidhani wenu hakuandika kwa sababu tu hamjaona.

Wazee tuwahoji wakati gani, na vipi?

Epukeni Oktoba hadi Desemba, watu wako kwenye korosho. Julai na Agosti ni nzuri, lakini jioni, kwa kuwa asubuhi na mapema umande ukiwa bado juu ya majani watu wanapuliza salfa.

Mtu mmoja aulize, mmoja arekodi kwa simu iliyozimwa mtandao ili isiite katikati. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mwombe babu au bibi ruhusa ya kurekodi, na ruhusa hiyo isikike kwenye sauti. Taja tarehe, mahali na jina lake. Saa moja na nusu inatosha. Mkizidisha, mzee hujibu ili muondoke.

Msimuulize "ilikuwa mwaka gani?" Muulizeni ilikuwa kabla au baada ya jambo analolijua. Kwa huku yanayosaidia ni mpango wa karanga Nachingwea (1947 hadi 1951), kimbunga cha Lindi (Aprili 1952), uhuru (1961), vita vya Frelimo ng'ambo ya Ruvuma (kuanzia 1964), operesheni vijiji (1974), na vita vya Kagera (1978 na 1979). "Padri yule alikuwepo kimbunga kilipopiga?" ni swali linalojibika.

Wahojini wanawake peke yao. Wakiwa pamoja na wanaume hunyamaza, na ndio waliopika, waliofagia, walioteka maji ya kujengea kwenye uwanda wa Makonde ambako kisima kilikuwa safari ya nusu siku. Wanajua padri gani alikaa na nani alipita.

Madaftari yameanza kuliwa. Tufanye nini leo?

Yatoeni sakafuni. Sanduku la bati, juu ya matofali mawili kila kona, mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, kwa kuwa mchwa hupandia ukutani. Lifungueni kila mwezi na kulikagua, hasa masika. Msipulizie dawa ya wadudu juu ya karatasi. Msitumie selotepu, inageuka kahawia na kula wino. Msipeleke kurasa kuwekewa plastiki ya moto, kwa kuwa haiondoki tena na unyevu hubaki ndani. Daftari lililolowa likaushwe kivulini likiwa limesimama na kurasa zimetanuliwa kidogo, juani hukunjamana. Kurasa zilizogandana msizibandue kwa nguvu.

Kisha lipigeni picha. Meza karibu na dirisha, asubuhi, bila flashi. Simu iwe sambamba na ukurasa, pembe zote nne zionekane. Ukurasa mmoja kwa picha moja, na pigeni pia jalada na kurasa tupu, ili asiwepo wa kudhani mmeruka. Zipeni majina yanayojipanga: ubatizo_1928-1941_uk001 na kuendelea. Daftari la kurasa 200 ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili. Hifadhini nakala tatu mahali patatu: flashi kwa katibu, kompyuta ya dayosisi, na ya tatu nje ya wilaya. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti, si kama picha. Vinginevyo hupunguzwa na mwandiko mwembamba hufutika.

Alama zozote wekeni kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni. Kalamu isiguse daftari.

Tuandike kwamba koo fulani zilitokana na watumwa?

Waanzilishi wa Masasi walikuwa watu waliookolewa utumwani, na hilo ni sifa yao. Liandikwe kwa ujumla wake bila kuficha. Kutaja ukoo ulio hai kwa jina ni jambo jingine. Pelekeni ukurasa huo kwa wakubwa wa ukoo kabla ya kuchapa, na wakikataa, uondoeni. Vivyo hivyo kwa safu ya maelezo kwenye daftari inayosema mtoto hana baba, au mtu alitengwa na Ekaristi. Hiyo haichapwi.

Kanisa letu ni la Kipresbiteri na asili yetu ni Nyasa. Maelekezo haya yanatufaa?

Mengi, ndiyo. Waskoti walishika njia ya ziwa miaka ileile UMCA ilipofika Masasi: Livingstonia ilianza 1875 na Blantyre 1876, na mwaka 1924 zikaungana kuwa CCAP, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika ya Kati. Tofauti kubwa ni mahali pa kutafuta. Kwa Waanglikana askofu ndiye anayempangia padri kituo, kwa hiyo barua yake ndiyo ushahidi wa A. Kwa Wapresbiteri waumini humwita mchungaji na presbiteri, yaani baraza la wachungaji na wazee wa makanisa ya eneo, humthibitisha, kwa hiyo kitabu cha kwanza ni kumbukumbu za vikao vya baraza la wazee. Humo mtaona mwito, kuingizwa kazini, miezi mimbari ilipokuwa wazi, na nani alihubiri. Humo pia mna kesi za nidhamu, na kwa hizo fuateni jibu lililotangulia.

Nje ya kijiji, nyaraka ziko wapi?

Inategemea mwaka. Masasi ilikuwa chini ya Askofu wa Zanzibar hadi ilipokuwa dayosisi mwaka 1926, kwa hiyo ya kabla ya hapo ulizeni Unguja pia. Nyaraka za UMCA yenyewe ziko Oxford, maktaba ya Bodleian, na jarida lao la kila mwezi lilitaja vituo na mapadri kwa majina. Mafaili ya serikali ya Wajerumani na Waingereza yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kwa miaka ya 1960 hadi 1968, wakati wa Askofu Trevor Huddleston, anzieni ofisi ya dayosisi Masasi. Newala ilipata dayosisi yake mwaka 2009, kwa hiyo faili la mtaa wa Newala laweza kuwa bado liko Masasi.

Kwa Wakatoliki, anzieni abasia ya Ndanda. Madaftari ya zamani ni ya Kilatini na habari za vituo ni za Kijerumani cha mkono. Jimbo la Nachingwea la 1963 ndilo lililoitwa Lindi kuanzia 1986, na Mtwara ni jimbo tangu 1972. Barua yenye anwani ya Nachingwea, basi, itafutwe Lindi.

Nendeni na barua ya padri wa mtaa yenye muhuri, jina la kijiji kwa tahajia zake zote, na miaka mnayoitaka. Ombi la "historia yote ya kanisa letu" halijibiki.

Kijitabu kiwe na kurasa ngapi?

Kikishonwa katikati, idadi lazima igawanyike kwa 4, na 32 au 40 zinatosha. Orodha ya mapadri na ya walimu ziwe mwanzoni, si nyuma. Chapeni kwanza nakala tano za kusahihishwa, wapeni wazee watano kwa wiki mbili, na acheni pembizo pana ili waandike. Nakala hizo tano, na masahihisho yake, zirudi kwenye sanduku la bati pamoja na daftari la ubatizo.